Miguu ya Dada Haijastaafu

9 Januari

Mpwa wangu Sindano,

Natumaini barua hii itakukuta unapumua vizuri na umekula. Sisi hatujambo, ukiacha goti langu la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Jirani yetu seremala amepata mjukuu wa pili na hatulali kwa majigambo yake. Kaka yako Mkurugenzi alipita Jumapili. Alikaa dakika ishirini, akatoa maagizo kumi na moja, akaondoka bila kumaliza chai.

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Kwenye simu unanikatiza. Barua haikatizwi.

Sasa la maana. Mama yako aliingia hospitali kwa ajili ya kifua, akitembea kwa miguu yake. Wakamlaza wiki tatu. Kifua kimepona, lakini amerudishwa amebebwa kama godoro. Kusahau kwake tumekuzoea, huu mwaka wa tatu. Ananiuliza mara saba kwa saa mimi ni mtoto wa nani, nami namjibu mara saba kwamba ni mtoto wa mama yake. Lakini kusimama? Ukimwambia, “Dada, simama,” anakutazama kama umemwambia aruke. Nguvu ipo, nimeipima: nilipomvua soksi alinipiga teke la haja. Kilichopotea ni njia ya kutoka kitini.

Kiti cha magurudumu ulichotuma kimefika. Kizuri, kinang'aa. Nimekifunika shuka nikakiweka stoo. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Miaka thelathini na moja nimefundisha watu udereva. Nimefundisha waoga, wabishi, na mama mmoja aliyekuwa anafumba macho kila lori likija mbele. Wote walipita mtihani, hata huyo wa kufumba macho, mara ya nne. Sikumfundisha hata mmoja kwa maelezo. Mguu haujui maelezo, unajua kurudia.

Kwa hiyo nimehamia chumba cha nyuma, na kuanzia kesho namfundisha dada yangu kusimama, kukaa, kujigeuza kitandani na kwenda chooni. Watasema na mimi nimeanza kuchanganyikiwa. Waseme. Mimi nimestaafu, miguu ya dada haijastaafu.

Swali moja, kwa kuwa wewe ndiye muuguzi wa wazee: huko wodini kwenu, wanaoingia wakitembea, wanatoka wakitembea?

Mjomba wako, mwenye goti.


2 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi kupata mwandiko wako, ingawa ulichoandika hakikunifurahisha. Sisi wazima. Binti yangu ameingia darasa la tano na sasa anaamini hakuna jambo analohitaji kuambiwa. Sijui amerithi kwa nani. Mume wangu bado yuko zamu ya usiku kiwandani. Tunapishana mlangoni kama walinzi.

Naandika nikiwa kazini, wodi imetulia, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja.

Mjomba, naomba unisikilize kama muuguzi, si kama yule mtoto uliyekuwa unamshika akichomwa sindano. Mama ana miaka sabini na sita. Mifupa yake ni kama biskuti. Akianguka akavunjika nyonga, ndiyo mwisho wake, na mimi nimeuona mwisho wa namna hiyo zaidi ya unavyoweza kuhesabu. Kumfundisha mtu ni kuweka kitu kichwani mwake. Mama kichwa chake hakishiki kitu hata dakika tano. Asiyekumbuka hafundishiki. Sisemi haya kwa kumdharau, ndivyo ugonjwa ulivyo.

Tafadhali toa kiti stoo. Mfunge mkanda wake wa kiunoni, ndiyo maana umewekwa. Mama akikaa salama, mimi nitaweza kufanya kazi kwa amani.

Msalimie sana. Mwambie mwanawe anamkumbuka, hata kama atauliza mwanawe yupi.

Mpwa wako.


16 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimempa mama yako salamu zako. Akasema, “Huyo mtoto anakula?” Nikasema anakula. Akasema, “Vizuri,” na uso ukamng'aa mpaka mchana.

Nimesoma kwamba asiyekumbuka hafundishiki. Nimesoma mara mbili, nikaikunja barua, nikaiweka chini ya mguu mfupi wa meza. Sasa nisikilize na mimi.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilimwambia, “Dada, sogea mbele, rudisha miguu nyuma, inama, shika mikono ya kiti, usimame.” Alibaki kwenye “sogea”. Mimi niko mwisho wa sentensi, yeye bado yuko mlangoni. Nikaona aibu, maana ndivyo walivyokuwa wanafundisha walimu wabovu, wanamwaga maneno halafu wanamlaumu mwanafunzi.

Siku ya pili nikatumia neno moja. “Sogea.” Nikanyamaza. Nikahesabu moyoni. Nilipofika kumi na nne, akasogea. Mpwa wangu, anachelewa lakini anafika! Sisi ndio tunaondoka kabla hajafika. Nikakaa kwenye kigoda mbele yake, mimi natenda, yeye anaona. “Miguu nyuma.” Nikangoja. “Pua mbele.” Nikangoja. Kisha nikasema, “Sukuma,” nikimaanisha asukume mikono ya kiti ainuke.

Akanikazia macho. “Nani amekuruhusu kusema sukuma? Bado! Pumua kwanza.”

Miaka yake arobaini ya ukunga ilisimama chumbani kabla yake yeye mwenyewe. Akanipapasa tumbo, akaniuliza uchungu umeanza saa ngapi. Nikamwambia asubuhi. Ningesema nini? Tumbo langu hili la mstaafu linaweza kumdanganya mkunga yeyote.

Tangu siku hiyo amri anatoa yeye. Tunaketi tukitazamana. Anasema, “Pumua. Pumua. Haya, sasa, sukuma mama, sukuma!” Na kwa jinsi anavyonihimiza, mikono yake mwenyewe inakandamiza kiti, pua inakwenda mbele, anainuka pamoja nami. Jana alisimama mara sita. Akishasimama ananiuliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Nimeshajifungua watoto kumi na wawili na bado sijapewa likizo.

Kila asubuhi ananiambia, “Mimi siwezi kusimama.” Hakumbuki hata kidogo kwamba jana alisimama. Halafu anasimama. Na leo amesimama haraka kuliko jana. Sasa niambie wewe uliyesoma: nani anayekumbuka?

Mkanda wa kiunoni sitamfunga. Mimi mkanda nilikuwa nafunga watu waendao mahali.

Na hukunijibu swali langu.

Mjomba wako, mzazi wa watoto kumi na wawili.


3 Machi

Mpwa wangu,

Hatujambo wote. Mvua imeanza. Hakuna jipya.

Mjomba.


20 Machi

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima.

Hakuna jipya! Nimepata simu kutoka kwa Kaka. Mama ameanguka. Ameanguka tarehe ishirini na saba Februari, na tarehe tatu Machi wewe ukakaa ukaniandikia habari za mvua.

Kama si Kaka kuukuta mkono wa Mama umefungwa bendeji, ningejua lini? Siku ya mazishi?

Nilikuomba kitu kimoja tu. Nilikuandikia kwa heshima. Ukaenda kuweka barua yangu chini ya meza na kunifanyia mzaha. Mama yangu si gari la mafunzo, Mjomba.

Kaka ametafuta nyumba ya kulelea wazee. Kuna vitanda vyenye vizuizi pembeni na watu wa kuwaangalia saa zote. Nimemwambia nakubali. Atakuja na fomu. Sitaki ubishi.

Mpwa wako.


29 Machi

Mwanangu,

Marahaba, ingawa safari hii sistahili.

Nilikuficha, na hakuna namna nzuri ya kuliweka hilo. Niliketi na kalamu nikaona haya, na chini ya haya kulikuwa na hofu: kwamba ukijua, utamchukua. Sasa nakuambia yote.

Seremala alibisha hodi. Mimi nilikuwa jikoni. Dada akasikia mtu mlangoni, na wewe unamjua mama yako, kwake kubisha hodi ni mtu ana mke anayejifungua. Aliinuka peke yake. Hakuna aliyemwambia. Alitembea hatua tisa, nimezipima baadaye kwa futi ya seremala. Hatua ya kumi zulia likamshika kidole. Alianguka ubavu, akajizuia kwa mkono. Daktari alisema hakuna kilichovunjika, kifundo cha mkono kimevimba. Kinapona.

Zulia nimelitupa. Kosa la zulia lilikuwa langu, na hilo nalibeba. Lakini kutembea hakukuwa kosa la mtu.

Unajua nini kiliniumiza zaidi? Pale sakafuni. Dada alilala anatazama dari, hakulia. Aliniambia kwa adabu, kama mgeni, “Samahani, sijui pa kuanzia.” Nilipomvuta kwapani akapiga kelele. Ikabidi mimi na seremala tumnyanyue kwa shuka, na uso wake wakati ule sitausahau, hata nikipata ugonjwa wake.

Kwa hiyo kuna somo jipya. Tunatandika godoro chini na tunafanya mazoezi ya kutoka sakafuni. Kugeuka ubavu. Kukaa. Kuja magotini. Kutambaa hadi kwenye kiti, mikono juu ya kiti, mguu mmoja mbele. Goti langu linanitukana matusi ya kila aina. Seremala amefunga ubao wa kushikilia ukutani, kutoka kitandani, kupitia sebuleni, hadi chooni, ameupiga msasa mpaka unateleza kama sabuni, na hakutaka nimshukuru.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Umesema hutaki ubishi. Basi mimi nitakuwa mbishi peke yangu. Mkurugenzi akija na fomu atanikuta mlangoni, na ana miaka hamsini lakini mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha gari, anajua sauti yangu ikoje nikikanyaga breki ya mwalimu.

Umenikemea na nimekubali. Sasa na wewe nijibu. Nakuuliza mara ya tatu. Wanaoingia wodini kwenu wakitembea, wanatoka wakitembea?

Mjomba wako.


31 Mei

Mjomba, shikamoo.

Tuko wazima. Binti amevunja miwani ya pili mwaka huu. Mume wangu amehamishiwa zamu ya mchana, sasa tunaonana, na tumegundua bado tunazungumza vizuri.

Nimeianza barua hii mara nne nikaichana mara nne. Hii ya tano naituma hata ikiwa mbaya.

Hapana, Mjomba. Wengi hawatoki wakitembea.

Mwishoni mwa Januari alilazwa mzee mmoja tunayemwita Fundi Saa, kwa sababu alikuwa na duka la kutengeneza saa. Ana kusahau kama kwa Mama. Aliletwa kwa ajili ya figo. Aliingia kwa miguu, mkongojo mkononi, akawapa mkono wagonjwa wote mmoja mmoja. Shida ni kwamba kila baada ya dakika kumi alikuwa anashuka kitandani kwenda kufungua duka. Tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa thelathini na nane. Siku ya tatu mkuu wa wodi akanipa shuka. “Mfunge kitini, kwa usalama wake.”

Nilimfunga. Fundo nililiweka nyuma ya kiti, asipofikia. Nilipokuandikia ile barua ya Februari, niliyosema wodi imetulia, ilikuwa imetulia kwa sababu hiyo. Alikuwa nyuma yangu, hatua nne, anavuta shuka.

Siku za kwanza alilia. Kisha akawa anaomba tu, kwa sauti ndogo, kwamba wateja wanamsubiri. Baadaye hakuomba tena. Siku ya kumi na tisa nilifungua fundo nimwogeshe, nikamwambia, “Mzee, tusimame.” Akanitazama. Unajua alivyonitazama, uliandika mwenyewe.

Alipaswa kuruhusiwa tangu Februari. Binti yake akasema nyumba yake ina ngazi, hawezi kumpokea baba asiyesimama. Hivyo yuko hapa hadi leo, na aliyemfanya asisimame ni mimi. Nilipokufokea, si mifupa ya Mama niliyokuwa naitetea.

Barua yako ya sakafuni nimeisoma kwenye chumba cha shuka, mlango nimefunga. Tarehe kumi Aprili nilifungua fundo la Fundi Saa na sikulifunga tena. Mkuu wa wodi aliniita ofisini.

“Akianguka?”

“Nitamwinua.”

“Unavunja utaratibu wa wodi.”

“Umeandikwa wapi?”

Akafungua jalada moja, akafungua la pili. Haukuwa umeandikwa mahali popote. Tumefunga watu miaka yote kwa utaratibu ambao hakuna aliyeuandika. Basi akaandika kitu kingine, barua ya onyo, akitaka niitie sahihi. Sikuitia. Iko mezani kwake.

Nimemwandikia Kaka kwamba nimeondoa ruhusa yangu ya ile nyumba ya wazee. Hajanijibu.

Lakini Mjomba, kukataa nimeweza, kufundisha sijui. Karibu miezi miwili namwambia asimame na hasimami. Nakuomba uniandikie kila hatua, kama unavyomwandikia mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Mpwa wako Sindano.


12 Juni

Mwanangu Sindano,

Marahaba, na marahaba tena.

Sitakuambia maneno makali. Uliyojiambia yanatosha. Nitakuambia hivi tu: umeandika “mimi” mahali ambapo wengi wangeandika “sisi”. Mama yako angekuwa na akili zake angekupa chai na kukukalisha karibu yake.

Kwanza habari, maana ukizisikia kwa Mkurugenzi zitakuwa zimekatwa mkia.

Alikuja Jumamosi. Alikuja na gari, na mhudumu wa ile nyumba, na fomu, na mke wake, na binamu zake wawili wa upande wa baba ambao sijui waliitwa kubeba nini. Sebule ikajaa. Nikawaambia, mama yenu anasimama, anatembea, anakwenda chooni mwenyewe. Mkurugenzi akasema, “Tuonyeshe.”

Hapo nilifanya kosa la kiburi. Nilikubali.

Basi wote wakaanza. “Mama, simama!” “Mama mkubwa, jikaze!” “Mshike mkono!” “Usimshike, aonyeshe mwenyewe!” Mhudumu akapiga makofi kama anaita kuku. Dada akajikunja kitini akawa mdogo. Nikakaa kwenye kigoda changu, nikasema pumua, hakunisikia. Hakusogea hata kidole. Mkurugenzi akanitazama, si kwa ubaya, kwa huruma, na afadhali angenitukana. Akatoa fomu, akaanza kujaza. Binamu mmoja akatoka nje kuzungusha gari. Kila mtu akanyamaza, kwa kuwa hakuna la kusema tena.

Ndani ya kimya kile, nikasikia kiti kinalia.

Dada alikuwa amesogea mbele. Hakuna aliyemwambia. Miguu nyuma. Pua mbele. Akainuka, akashika ubao wa seremala, akaanza safari ya ukutani. Mkurugenzi alikuwa amesimama katikati ya njia na fomu mkononi, mdomo wazi. Mama yake akafika mbele yake akasimama.

“Mama,” akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa miaka sita. “Mama, unanijua?”

Dada akamtazama vizuri, kwa heshima.

“Wewe ni mtu uliyesimama njiani. Nina haja ndogo. Nipishe.”

Akampisha. Dada akaingia chooni akafunga mlango, tukamsikia akivuta maji. Mpwa wangu, maji yale yalivuma kuliko hotuba zote nilizowahi kusikia.

Mkurugenzi alikwenda kusimama uani muda mrefu. Aliporudi akaniuliza kwa nini Mama alikataa mwanzoni. Nikamwambia hakukataa, watu sita walikuwa wanamfundisha kwa mkupuo. Akaikunja fomu akaiweka mfukoni. Sijui ameichana au la, simwamini hivyo. Ila Jumanne alirudi peke yake, akakaa saa mbili, na sikusikia agizo hata moja. Nilimkuta anajifunza kukaa kimya na kuhesabu hadi ishirini. Hajaweza, lakini nimefundisha wagumu kuliko yeye.

Ile habari kwamba alikuja Desemba iliyopita, mimi sipo, na mama yake akamwita mwizi, akamfukuza na ufagio, umewahi kuisikia? Mimi nimeisikia Jumanne. Ndiyo sababu ya zile dakika ishirini zake.

Sasa hatua. Chagua saa moja ya siku na kiti kimoja, usibadilishe. Zima redio. Mtu mmoja tu azungumze. Kaa chini ya usawa wa macho yake; ukimsimamia, atadhani ni askari. Usimwambie unachotaka afanye mpaka awe amekutazama. Neno moja, kisha nyamaza, na ukidhani umengoja vya kutosha, ngoja tena muda kama huo. Onyesha kwa mwili wako. Akikosea usiseme “siyo hivyo”. Rudi mwanzo kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, kwa sababu kwake ndiyo mara ya kwanza. Usimvute mkono hata siku moja. Weka kiganja chako mgongoni pale pa chini, ajue mbele ni wapi. Na acha wakati bado anaweza. Usimalize somo kwa kushindwa.

Lililo kubwa kuliko yote: usimwambie Fundi Saa “simama”. Kusimama ni kazi ya nani? Hakuna mtu anayesimama ili asimame. Mimi sikujua hilo mpaka Dada aliponipapasa tumbo. Mtafutie sababu yake.

Mjomba wako.


9 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Binti yangu anakusalimu, anauliza ni lini atakuona ukijifungua. Nilimsomea barua zako, nisamehe. Mume wangu alicheka mpaka akamwaga chai kwenye sare ya kazi. Likizo yangu imepitishwa, nitafika Oktoba wiki ya kwanza. Kaka amesema atanipokea stendi. Ameniandikia barua, ya kwanza maishani mwake nadhani, mistari mitano. Mistari minne ni habari za Mama: ananyanyuka vipi, anapenda kushikwa wapi. Wa tano unasema, “Ameniita daktari. Nimekubali.”

Sasa la Fundi Saa.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele yake kila siku saa nne asubuhi. Wiki nzima sikusema kitu cha maana. Nikaona anatazama saa ya ukutani ya wodi. Haijafanya kazi tangu nianze ajira hapa, sisi tumeizoea. Nikamuuliza, “Mzee, ile saa ina nini?” Akafikiri. Nilihesabu hadi ishirini na mbili. Akasema, “Sijui. Mpaka niiangalie kwa karibu.”

Nilisogea mbele kwenye ndoo yangu, naye akasogea. Siku ile makalio yaliachana na kiti kidogo tu, upana wa kiganja. Nikaishia hapo kama ulivyosema. Siku ya tisa alisimama wima akatetemeka kama waya. Wiki ya kwanza ya Julai alifika ukutani, akaegemea kwa mkono mmoja, kwa wa pili akaigeuza saa na kufungua mgongo wake, akaniambia imekufa zamani na tulistahili aibu. Katikati ya mwezi tulihamia ngazi za nje, tatu, kisha saba. Aliniuliza jina langu kila siku. Hakuuliza kamwe namna ya kushika reli.

Wagonjwa wengine walikuwa wanatazama. Bibi mmoja wa kitanda cha kumi na moja akaniita akaniambia, “Mimi nakunywa dawa ile ile anayokunywa yeye, mbona mimi hunipeleki?” Sasa nina wanne. Mwenzangu wa zamu, aliyekuwa ananikwepa tangu ile barua ya onyo, aliniletea ndoo ya pili, akaketi.

Wiki iliyopita binti yake Fundi Saa alikuja kumchukua. Alimwona baba yake anatembea kuelekea kwake kwenye korido, akafunika mdomo. Kisha akamgeukia mkuu wa wodi, sauti imebadilika.

“Mwezi wa pili nilikuja nikamkuta amefungwa shuka kiunoni. Nani alimfunga?”

Mkuu wa wodi akasema ulikuwa utaratibu, kulikuwa na upungufu wa watumishi, mambo ni mengi.

Nikasema, “Mimi.”

Mjomba, nilidhani atanipiga, na ningesimama nikapigwa. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba.

“Basi wewe ndiye utakayenifundisha kumshusha ngazi,” akasema.

Nilimfundisha mchana kutwa. Mwanzoni alikuwa mwalimu mbaya, anavuta mkono. Hadi jioni alikuwa anangoja. Waliondoka kwa miguu hadi getini, na Fundi Saa akasimama kumpa mkono mlinzi.

Kesi yangu haijaisha. Barua ya onyo imekuwa mbili, na ya pili imetoka juu, kwa mganga mkuu mwenyewe. Nimeitwa mbele ya kamati ya nidhamu Ijumaa. Nimewaandikia kurasa sita za majina na tarehe: nani aliingia anatembea, nani alifungwa, nani alimfunga, kwa siku ngapi, na alitokaje. Jina langu lipo mara kumi na saba. Nimetia sahihi hizo kurasa, onyo sijatia. Mume wangu ameniuliza kama naweza kufukuzwa. Nimemwambia naweza. Akaniuliza kama nimekula.

Leo asubuhi nimekuta tangazo limebandikwa mlangoni kwa mwandiko wa mkuu wa wodi. Hadi kamati ikutane, wagonjwa wote wa zaidi ya miaka sabini wabaki vitandani, na viatu vyao vyote vimekusanywa, vimefungiwa kwenye kabati la vifaa.

Saa nne ilipofika, Bibi wa kitanda cha kumi na moja alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu imegusa sakafu. Mwenzangu akatazama tangazo, akanitazama mimi. Wale watatu wengine nao wakaanza kusogea mbele, polepole, bila mtu kuwaambia.

“Viatu vyetu viko wapi?” Bibi akauliza.

Nikaenda kuvunja kabati.

Mpwa wako,
Sindano.